Mto Unaofulika Hauogopi Watu

(Maneno ya mazungumzo ya asubuhi yaliyotolewa redioni)

Somo: Mambo ya Walawi 13:47–59

Wapenzi wasikilizaji, wengine mko jikoni mnachemsha chai, wengine mko njiani kwenda kazini, na wengine mmeketi sebuleni mmeegemea mito ya viti. Basi asubuhi ya leo tungependa kuongea nanyi juu ya mito hiyo hiyo mliyoiegemea, na juu ya kitu kidogo kinachoitwa zipu.

Huenda mtu akauliza, "Je, mchungaji ameliacha Neno, sasa amekuwa fundi wa nguo?" Ngojeni kidogo. Katika somo letu la leo twaona kwamba kuhani wa Israeli alipewa kazi ya kukagua nguo. Nguo ya sufu, au ya kitani, au kitu cha ngozi, kikionekana kina doa la kijani au jekundu lililofanana na ukoma, mwenyewe alikipeleka kwa kuhani. Kuhani alikitazama, akakifungia siku saba. Doa likiwa limeenea, nguo iliteketezwa. Lakini likiwa halikuenea, kuhani hakuamuru moto. Aliamuru ifuliwe, kisha ingoje siku saba nyingine. Doa likififia baada ya kufuliwa, kilichotolewa ni kile kipande chenye doa, si nguo nzima. Na ile iliyotokwa na doa kabisa ilifuliwa mara ya pili, ikahesabiwa kuwa safi.

Mwaona jinsi sheria hii ilivyokuwa na subira. Nguo haikuhukumiwa siku ile ya kwanza. Ilipewa maji, ikapewa na siku za kungoja. Lakini tutie jambo moja moyoni: nafasi hiyo yaipata nguo inayoweza kuingia majini. Kitu kisichofulika hakina njia nyingine. Ama kitaachwa kichafuke, ama kitatupwa, ama watu watakatazwa kukigusa.

Sasa twendeni sebuleni. Zamani mito yetu ilijazwa usufi, hasa huko pwani ambako misufi humea. Siku hizi mingi ni ya sponji. Fundi akiisha kuingiza sponji katika kitambaa, huushona ule upande wa mwisho kwa mkono, na mto ukafungwa moja kwa moja. Unapoletwa nyumbani unapendeza sana. Lakini vumbi la barabarani laingia, mafuta ya nywele yaingia, uji wa mtoto wamwagika, na jasho la watu wa miaka mitano lakaa mle ndani. Utaufuaje? Ukiutumbukiza mzima mzima, sponji itakunywa maji kama ng'ombe aliyetoka malishoni, nayo itachukua siku nyingi kukauka, na huku inaota kuvu na kunuka.

Akina mama wetu wa Kenya wanayo dawa yao, nayo ni vitambaa vya kufuma. Ni kazi nzuri, tena ya mikono yenye bidii. Jumamosi vitambaa hufuliwa, hunyooshwa, na Jumapili viti vyote vinang'aa. Hatuvidharau hata kidogo. Lakini mara nyingi kitambaa cheupe kimelala juu ya mto ambao haujaona maji tangu siku uliponunuliwa. Vumbi lililo ndani halijui kwamba juu kumefunikwa. Mle huishi wadudu wadogo sana wasioonekana kwa macho, na kinyesi chao huwasumbua watu wenye ugonjwa wa pumu. Mtoto anakohoa usiku, mama anafikiri ni baridi, kumbe ni mto anaoulalia akitazama televisheni.

Lakini kuna madhara mengine makubwa kuliko hayo, nayo ndiyo yaliyotufanya tulete mazungumzo haya. Mto usiofulika huanza kulindwa dhidi ya watu. Mtoto huambiwa, "Toka hapo, hapo ni pa wageni!" Kiti huvikwa karatasi ya nailoni, kila anayeketi akalia kelele. Watu wa nyumba huketi jikoni, na sebule huachiwa viti vyenyewe. Kitu kilichonunuliwa kwa ajili ya watu sasa kimewatawala watu.

Tuliliona jambo hili katika nyumba moja ya Wakristo wema, katika parishi tuliyowahi kuhudumu. Mlikuwamo mzee aliyepita miaka 80, baba wa mwenye nyumba. Alikuwa na kiti chake karibu na dirisha. Hapo alisoma Biblia yake, hapo aliwapokea wageni, na hapo aliongoza maombi ya jioni. Uzee ukaleta ugonjwa, akawa hawezi kuzuia haja ndogo. Mto wa kiti chake ukalowa mara ya kwanza, mke wa mwanawe akauanika juani. Ukalowa mara ya pili, akauanika tena. Kwa nje ulikauka, lakini harufu ilibaki, kwa sababu sponji haikuweza kutolewa.

Basi mwisho mzee akawekewa kiti cha plastiki barazani. Hakuna aliyemtukana. Chakula alipewa kwa wakati, na blanketi alifunikwa. Lakini wageni walipofika aliwaamkia nje, wakaingia ndani wakamwacha. Na jioni, watu walipoomba, yeye alisikia kupitia mlangoni.

Tulipokwenda kumtazama, yule mama alitueleza huku akilia. Alisema, "Mchungaji, msituone vibaya. Baba tunampenda. Lakini kile kiti hakifuliki."

Wapenzi wasikilizaji, mama yule alisema kweli. Nyumba ile haikukosa upendo. Ilikosa njia ya kuufungua mto. Ni mara ngapi sisi wachungaji twaihubiri amri ya kuwaheshimu baba na mama, na mtu anayetusikiliza anaitaka kabisa kuitii, ila hana sabuni, hana maji, au hana mto unaofunguka?

Akina mama watatu wa kanisa walisikia habari hiyo. Siku ya Alhamisi walikuja na cherehani, wakafumua mshono kwa wembe. Sponji iliyoharibika waliiondoa wakaweka nyingine. Waliivika kwanza mfuko wa nailoni ili isinywe maji, kisha wakashona foronya mbili za ukubwa mmoja, ili moja ikiwa kwenye kamba, nyingine iwe kitini. Kila foronya waliitia zipu. Zipu moja waliinunua, na ya pili waliifumua katika koti kuukuu.

Jioni ile mzee alirudi dirishani. Hakupona ugonjwa wake, na kiti kililowa tena kabla ya juma kwisha. Lakini sasa ilikuwa kazi ya dakika chache: zipu ikafunguliwa, foronya ikaenda majini, nailoni ikapanguswa, foronya nyingine ikavishwa. Aliketi katika kiti kile mpaka Bwana alipomwita, na maombi ya jioni aliyaongoza yeye.

Basi na tuseme namna ya kuifanya kazi hii, maana upendo usio na ufundi huishia kwenye machozi. Nasi tuliwauliza mafundi kabla ya kuja hapa.

Kwanza, fua kitambaa kabla ya kukikata. Pamba hunywea inapofuliwa. Ukishona kwanza na kufua baadaye, foronya itakuwa fupi kuliko mto, na zipu itajikunja kama nyoka. Bwana Yesu alilijua jambo hili. Katika Injili ya Mathayo sura ya 9 alitaja kiraka cha nguo mpya kinachoirarua nguo kuukuu. Alizungumza na watu walioona mambo hayo nyumbani kwao. Vilevile, jaribu rangi: sugua kitambaa kwa kipande cheupe chenye maji. Kipande kikibadilika rangi, kitambaa hicho kifuliwe peke yake.

Pili, chagua mahali pa zipu. Kwa mto wa kiti, iwe upande wa nyuma, ambako haionekani wala haimkwaruzi mtu. Kwa mto mnene wa sponji, zipu iwe ndefu kuliko upande huo wa nyuma, ikunje kona na kuingia kidogo pande zote mbili. Zipu fupi huwafanya watu waivute sponji kwa nguvu, na sponji hupasuka.

Tatu, weka vipande viwili vya kitambaa vitazamane uso kwa uso, ukiacha nafasi ya mshono ya sentimita mbili na nusu hivi. Mahali zipu itakapokaa, piga bandi kwa nyuzi ndefu. Fungua mshono kwa ndani, uulaze kwa pasi. Kisha ilaze zipu juu ya mshono huo, uso wake ukitazama chini, uishikize kwa pini. Shona upande mmoja, ukarudi kwa upande wa pili, ukitumia ule mguu mwembamba wa cherehani unaopita karibu na meno ya zipu. Asiye na cherehani na ashone kwa mkono, akirudisha sindano nyuma kila hatua, maana mshono huo hushika sana. Mwisho fumua ile bandi, na zipu itaonekana imekaa mahali pake.

Nne, na hapa wengi hujikwaa: kabla hujashona pande zile zilizobaki, fungua zipu nusu. Foronya hushonwa ndani nje. Ukizishona pande zote huku zipu imefungwa, umejifungia nje ya kazi yako. Hutapata mahali pa kuingiza mkono ili uigeuze, na itakubidi ufumue. Kisha ncha za nyuzi zilizo ndani uzifungie kwa mshono, zisije zikachanuka na kuingia katika meno ya zipu.

Tano, kutunza. Unapofua, toa sponji, geuza foronya ndani nje, na uifunge zipu, ili meno yasipindike wakati wa kusugua na kukamua. Kwa kitambaa kinachovumilia moto, maji ya nyuzijoto 60 huwaua wale wadudu wa vumbi. Anika foronya ya rangi kivulini, lakini sponji yenyewe ipate hewa nje mara kwa mara. Usiirudishe foronya ikiwa na unyevu. Zipu ikiwa nzito, isugue meno kwa mshumaa au kwa kipande cha sabuni kavu, nayo itateleza. Na ninyi mlio Mombasa, Malindi na Lamu, hewa yenu ina chumvi, basi zipu ya nailoni huwafaa kuliko ya chuma kinachoshika kutu.

Labda kuna mama anayesema, "Mimi sina hata fedha za zipu." Mama, usihuzunike. Tazama suruali na makoti ya mitumba yaliyochakaa. Mara nyingi nguo huisha na zipu bado nzima. Fumua, uitumie. Na hata bila zipu, vifungo vitatu vitatosha, au kamba za kufunga, au vipande viwili vinavyopishana nyuma kama bahasha. Maana shabaha yetu ni mlango, uwe wa namna yoyote. Na ambaye hana viti vya mito, anaye labda mgonjwa kitandani. Godoro nalo laweza kuvishwa mfuko wenye zipu.

Zipu yenyewe haikupatikana kwa siku moja. Mmarekani Whitcomb Judson alipata hati ya kifungio chake cha viatu mwaka 1893, na mwaka huo huo kikaonyeshwa katika maonyesho makubwa ya Chicago. Lakini kilikwama, na mara nyingine kilifunguka chenyewe, watu wasikipende. Kazi ile ikaendelezwa na Gideon Sundback, mzaliwa wa Sweden aliyehamia Marekani. Mke wake alifariki mwaka 1911. Mwaka 1913 Sundback alifaulu kutengeneza kifungio chenye meno yaliyokaribiana, na mwaka 1917 akapewa hati yake. Katika zipu yake, kila jino lina kinundu upande mmoja na kishimo upande wa pili. Kichwa cha zipu kikipita, kinundu cha jino moja huingia katika kishimo cha jirani yake. Kikirudi, huachana bila kuumia. Jina la zipu lilianza mwaka 1923, kwa viatu vya mpira vya kampuni ya B.F. Goodrich ya Marekani.

Fikirini: miaka 20, tangu 1893 hadi 1913. Kwa nini ilichukua muda mrefu hivyo? Kufunga peke yake si kazi ngumu. Gundi hufunga, msumari hufunga, uzi hufunga. Shida ilikuwa kupata kitu kinachofunga imara, na bado kikakubali kufunguka mara elfu bila kuharibika.

Sasa tuulize juu ya nyumba kubwa zaidi, yaani kanisa. Sisi Waanglikana hupiga magoti, na katika makanisa mengi kuna mito midogo ya kupigia magoti, iliyoshonwa na akina mama. Itazameni Jumapili ijayo. Je, inafunguka? Imefuliwa lini? Wazee wa kanisa wanapopanga fedha za rangi ya ukuta na za kipaza sauti, na wakumbuke pia mita chache za zipu. Mto ule hupokea magoti ya kila mtu: ya aliyetoka shambani, ya aliyekanyaga tope, ya mjane, na ya mtoto. Kama haufuliki, iko siku mtu atasimama mlangoni na kuanza kuwachagua wanaostahili kupiga magoti.

Na ndivyo ilivyo kwa ushirika wetu. Kuna makanisa yaliyoshonwa pande zote. Nje yana kitambaa cheupe, na ndani hakuna anayeweza kutoa neno lililomsumbua. Likija doa, washirika hawajui la kufanya ila kumweka mtu barazani. Msichana aliyepata mimba huhamia benchi la nyuma, kisha nje, kisha haonekani tena. Mlevi anayetaka kuacha pombe husubiri apone kwanza ndipo aje. Na wale wanaobaki ndani si kwamba wote ni safi, bali wengine wamefunikwa vizuri.

Bwana wetu hakufanya hivyo. Usiku ule ulioandikwa katika Yohana sura ya 13, wanafunzi walikuwa wameketi chakulani na miguu yao ina vumbi. Hakuwatoa nje wakanawe ndipo warudi. Yeye ndiye aliyeondoka chakulani, akajifunga kitambaa, akatia maji katika bakuli, akawaosha pale pale walipokuwa. Hata Yuda alikuwapo.

Basi, ndugu yetu msikilizaji, juma hili tunakuomba ufanye mambo mawili. La kwanza, ingia sebuleni mwako, ugeuze mto mmoja, utazame mshono wake. Kama umefungwa pande zote, ufumue upande mmoja, uutie mlango, uufue. La pili, fikiri kama kuna mtu katika nyumba yako au katika kanisa lako aliyehamishiwa barazani, si kwa chuki, ila kwa kuwa watu hawakujua namna ya kuosha. Labda ni mzee. Labda ni mtoto anayekojoa kitandani na kuchekwa. Usianze kwa kumlaumu anayemtunza. Muulize amepungukiwa na nini, kisha uende na sindano na uzi.

Na tuombe.

Ee Bwana, wewe unayetupokea tukiwa na vumbi letu, twakushukuru kwa maji, kwa sabuni, na kwa mikono ya akina mama wanaoshona. Wabariki wote wanaowatunza wagonjwa na wazee majumbani, hasa wale waliochoka na wasio na msaidizi. Tufundishe kutengeneza nyumba zetu ziwe za watu, na kanisa lako liwe mahali pa kuoshwa. Wale walio barazani, utupe akili ya kuwarudisha ndani. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Kwaherini, wapenzi wasikilizaji. Bwana awe nanyi.